Meno ya Saruji

Siku ya posa ya mdogo wangu, Mama alinipa kazi moja tu: nisionekane.

"Utakaa jikoni," aliniambia asubuhi, akifunga kilemba mbele ya kioo cha sebuleni. "Ukileta chakula unaweka, unatoka. Wakikusalimia, itikia ukiangalia chini. Na usicheke. Nanyori, nisikilize vizuri. Hata wakisema jambo la kuchekesha namna gani, usicheke."

"Wakiniuliza mimi ni nani?"

"Nani anamwuliza mtu wa jikoni?"

Ilikuwa mwaka 2002 na nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na stashahada ya utabibu wa meno, koti jeupe lenye jina langu kifuani, na benchi la wagonjwa wanaoniamkia saa moja asubuhi wakiwa wameshika mashavu. Pia nilikuwa na meno yenye rangi ya kutu, na kwa Mama hayo yalifuta mengine yote.

Meno hayo niliyapata Momela. Maji ya upande ule wa Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanaumbwa ndani ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, kwa mkaa wala kwa mchanga. Nilijaribu vyote vitatu. Ukienda Dar es Salaam ukafungua mdomo kucheka, watu wanakutajia Arusha kabla hujawatajia jina lako. Yangu ni machafu kwa macho lakini ni magumu. Hadi siku ile hakuna hata moja lililokuwa limetoboka. Ila hakuna mwanamume anayekuja na wazee wake kuposa ugumu.

Mama naye alizaliwa kule na kuota meno ya kule. Mwaka 1981 yeye na baba yangu, Fanuel, aliyekuwa dereva wa lori, walishuka Arusha mjini kutafuta maisha. Mimi, mwenye miaka sita, wakaniacha kwa bibi "kwa muda". Kitu cha kwanza Mama alichofanya mjini ni kung'oa meno yake manne ya mbele na kuweka ya bandia, meupe kama vigae vya bafu. Cha pili ni kumzaa Irine. Cha tatu ndicho ambacho sikumsamehe. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Haombi, ni haki yake akishazaa. Mama alipofika Sombetini alijitambulisha kama Mama Irine, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Nilipokuja kuishi naye nikiwa kidato cha kwanza, Baba akiwa ameshakufa kwa ajali, majirani waliambiwa mimi ni mtoto wa dada yake kutoka shamba.

Jina langu kwa Kimaa ni mtu anayependwa. Bibi ndiye aliyenipa. Hakukusudia kunidhihaki.

Irine hakunywa maji. Sisemi alikunywa kidogo. Nasema Mama aliapa mtoto huyo hataota meno ya Momela, na kwa kuwa hakuamini maji yoyote yanayotoka chini ya mlima ule, ya bomba, ya kisima wala ya kuchemsha, aliyakataa yote kwa pamoja. Mwanzoni alimnywesha maziwa na maji ya mvua. Halafu ikaja miaka ya ruksa.

Wanaokumbuka watanielewa. Nilipokuwa mdogo, soda ilikuwa kitu cha harusi ya mtu mkubwa. Mliokaribishwa mlikunywa chupa moja watu watatu, kila mtu akiangalia koo la mwenzake. Kisha mipaka ya biashara ikafunguliwa na maduka yakajaa vitu mpaka barazani. Mama alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kufungua duka la soda kwa jumla na rejareja. Kreti zilipangwa hadi darini. Irine alikuwa na miaka mitatu, na chupa yake ya kunyonya ilijazwa soda ya chungwa.

"Maji yanaharibu mtoto," Mama aliwaambia wateja. "Soda inatoka kiwandani. Kiwandani wanachuja."

Irine aliamka nayo, alicheza nayo, alilala nayo mdomoni. Meno yake ya utoto yalioza yakabaki vijiti vyeusi. Mama akasema hayo si meno, yataanguka tu. Na kweli yaliota mapya, na nisimnyime sifa: yalikuwa meupe. Yalikuwa meupe hivi kwamba mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa mbele kanisani ingawa alikuwa hajui kuimba.

Mama aliyatumia. Irine alipofika miaka kumi, Mama alimsimamisha kaunta na kumfundisha kufungua soda kwa meno. "Weka opena chini, njoo uone meno ya mwanangu!" Irine aling'ata kizibo, akapinda shingo kidogo, tsss, akakitema kiganjani, na wanaume wa gereji ya jirani wakapiga makofi na kununua soda ya pili ili waone tena. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia naosha chupa.

Nilipokuwa chuoni nilirudi likizo nikamweleza Mama kila kitu. Nilimwambia vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi inalainisha jino. Nilimwambia soda yenyewe ni asidi hata bila sukari. Nikamwambia ubaya zaidi ni kunywa kidogo kidogo siku nzima, kwa sababu mate hayapati nafasi ya kulisafisha jino na kulirudishia nguvu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kumbe wivu nao siku hizi unasomewa miaka mitatu," alisema. "Na cheti unapewa?"

Irine alicheka sana. Bado alikuwa anaweza kucheka bila kuziba mdomo.

Siku kumi kabla ya posa, Mama alimleta Irine kwenye chumba changu cha kazi. Alikuja jioni, benchi likiwa tupu, wote wawili wamejifunika kanga kama watu waliotoka msibani. Irine aliketi kwenye kiti. Nilipomwambia afungue mdomo, alimwangalia kwanza Mama.

Meno sita ya mbele ya juu yalikuwa yameliwa shingoni, pale jino linapoingia kwenye fizi. Kwa mbali bado yalikuwa meupe. Niliposogeza kijiko changu cha kuchokolea, kiliingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Mawili ya katikati yalikuwa na usaha juu yake. Magego hayakuwepo tena. Yalibaki mashina yaliyovunjika, na ndiyo maana kwa mwaka mzima Irine alikuwa akimeza ugali bila kutafuna.

"Yanauma tangu lini?"

"Miaka miwili, dada."

"Na ulinyamaza?"

"Mama alisema nikisukutua kwa soda baridi yatakufa ganzi."

Nilimpa kikombe cha maji asukutue. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa yote mpaka chini, macho ameyafumba.

"Ni ya kutema, Irine, si ya kunywa."

"Najua," alisema. Akaninyooshea kikombe. "Naomba tena."

Mama aligonga ukuta kwa pete yake. "Nimekuleta uzibwe meno, siyo kunyweshwa maji ya bomba. Nanyori, ziba."

"Haya mawili hayazibiki. Yana usaha, yanatakiwa kung'olewa. Haya mengine manne nikimwandikia aende hospitali ya rufaa Moshi, wanaweza kuyaokoa."

"Baada ya harusi."

"Mama, usaha hausubiri harusi."

"Wale watu wanatoka upande wa pili wa mlima, wana ng'ombe wasiohesabika, na kijana wao amemkataa kila msichana kule kwao kwa sababu ya meno ya huyu. Meno! Wewe unataka nimpeleke na pengo? Ziba, nimekwambia. Utafanya ya kwako akishaolewa."

Nikaziba. Nilimpa dawa ya usaha ya siku kumi, nikasafisha nilichoweza, nikajaza mashimo kwa saruji ya muda, ile tunayowawekea watu wanaosubiri kwenda kwa daktari mkubwa. Niliisugua mpaka ikang'aa. Kwa mbali mtu asingejua. Kisha nikawaambia wote wawili polepole, kama ninavyowaambia wagonjwa wasiojua kusoma:

"Hii haing'atishwi kitu. Siyo muhindi, siyo nyama, hata uzi. Ukiling'atisha jino linakatika kwenye fizi, na likikatika halirudi."

"Na soda?" aliuliza Irine.

"Soda haing'atwi," alijibu Mama. Halafu akanishika mkono. "Sasa apa. Apa kwa kaburi la bibi yako kwamba hutamwambia mtu."

"Siri ya mgonjwa sitoi, Mama. Hiyo niliapa chuoni."

Nilisema hivyo, na siku ile nilimaanisha.

Wageni walifika saa sita, tisa kwa idadi, kwa gari mbili. Lesian, bwana harusi mtarajiwa, alivaa suti ya kijivu na jasho. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, Mzee Kasaine, mwenye fimbo nyeusi na sauti ya kuitia ng'ombe. Lakini aliyepewa kiti kikubwa alikuwa bibi yake Lesian, Koko Silantoi, mwanamke mdogo mkavu mwenye shuka jekundu begani. Meno yake mawili ya chini ya mbele alitolewa utotoni kwa desturi ya wazee wa Waarusha, na alicheka mdomo wazi, pengo lote hadharani, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Kwa upande wetu alizungumza baba yetu mdogo, Aminiel, mzee wa kanisa anayependa sana kusimama.

Nilileta ndizi za nyama. Niliweka, nikaangalia chini.

"Takwenya, Koko," nilimsalimia. Salamu hiyo nilijifunza kwa wagonjwa wangu.

"Iko!" Alinishika kidevu kwa vidole vyake vikavu. "Huyu anatusalimia vizuri. Ni nani huyu?"

Nilimwangalia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtoto wa dada yake. Nilikuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili, na mtu huzoea.

"Msichana wa kazi," alisema Mama. "Nimemtoa Nduruma."

Hata mtoto wa dada sikuwa tena.

Nilirudi jikoni. Sikulia, ningependa hilo lijulikane. Nilisimama nyuma ya mlango, na kupitia ufa wake nikaona yote yaliyofuata.

Maneno ya posa yalikwenda vizuri. Wakazunguka, wakataniana, wakakubaliana siku ya kuzungumza mahari. Kisha ikafika zamu ya soda. Wageni walikuwa wameleta kreti mbili, kama ilivyo heshima, na Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni kutafuta opena.

Mzee Kasaine aliinua fimbo. "Ngoja kwanza, mwenzangu. Huyu kijana wetu ametuimbia wimbo mmoja miaka mitatu. Kila tukimwonyesha binti, anasema kuna wa Sombetini, alimfungulia soda kwa meno kama mtu anakata uzi. Tumechoka na wimbo. Leo tunataka kumwona mwimbwaji."

"Mjomba jamani," alisema Lesian, akiangalia viatu vyake.

"Nyamaza, uliimba mwenyewe! Na Koko ameapa ndani ya gari. Koko, waambie."

"Soda iliyofunguliwa kwa chuma siinywi," alisema Koko Silantoi. "Chuma hata kwangu kipo. Nimekuja na mgongo huu kutoka Ngaramtoni nione meno."

Sebule nzima ilicheka. Wanawake wa mtaani waliokuja kusaidia walipiga vigelegele. Irine hakucheka. Aliweka mkono mdomoni, na wageni wakaona ni aibu ya msichana mwema.

Mama angeweza kusema mengi. Angeweza kusema binti ana jino bovu, kama watu wote duniani. Angeweza kusema si adabu, si leo, mtaona harusini. Baba mdogo alikuwa ameshaishika opena mkononi. Nilimpa Mama muda. Nilihesabu pumzi zangu tatu nikiwa nyuma ya ule mlango, nikimwomba kimoyomoyo aseme lolote.

Alichukua chupa kutoka kwenye kreti, akaifuta kwa kitambaa, akamwekea Irine mkononi.

"Mfungulie bibi yako," alisema. Akainama kama anayemtengeneza kola, akamnong'oneza kitu. Baadaye Irine aliniambia ni maneno gani. Alimwambia: "Ng'ata na ya nyuma."

Ya nyuma! Mashina!

Irine aliinua chupa. Vipovu vilianza kupanda shingoni mwa chupa. Aliangalia upande wa jikoni. Sijui alitaka nini kwangu. Kila mtu aliyenihukumu tangu siku ile ameniambia alichotaka, lakini hakuna aliyekuwa ameyaona macho yale isipokuwa mimi, nami nasema sijui.

Nilitoka. Nilitembea mpaka katikati ya sebule na aproni yangu ya mafuta, nikamtoa chupa mkononi, nikaiweka kwenye meno yangu ya pembeni, yale ya kahawia kabisa, nikang'ata. Kizibo kilipasuka kwa sauti iliyosikika mpaka barazani. Kipande kidogo cha jino langu kilitoka nacho. Bado naligusa kwa ulimi pengo lake ninapoandika haya. Nilikitema kizibo kiganjani, nikamnyooshea Koko chupa.

"Karibu, Koko. Haya ndiyo meno."

"Wewe msichana!" Baba mdogo alisimama.

"Mimi si msichana wa kazi, Baba mdogo, na wewe unajua, ulikuwepo kanisani nikibatizwa. Naitwa Nanyori Fanuel. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Huyu mnayemwita Mama Irine ni Mama Nanyori."

"Ana wazimu," alisema Mama. Meno yake ya bandia yaligongana. "Jamani, huyu ana wazimu, tumemvumilia tu..."

"Wazimu wangu una stashahada. Wageni, nisameheni kwa kuwakatisha, nitasema kidogo tu. Meno aliyoyaimba Lesian hayapo. Yalikuwepo, yameliwa na soda. Mnayoyaona ni saruji, na niliisugua mimi mwenyewe siku kumi zilizopita. Angeng'ata kizibo hiki mngeondoka na chupa na meno mawili ndani yake."

Ningeishia hapo, labda leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sikuishia hapo. Nilimshika Irine kidevu kama ninavyowashika wagonjwa wabishi, nikamgeuzia dirishani kwenye mwanga, nikauinua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa zimevimba. Saruji ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na pembezoni mwake palikuwa peusi.

"Haya, tazameni," nilisema. "Sogea, Lesian. Miaka mitatu umekuwa ukiimba, njoo uone wimbo wako."

Hakusogea. Irine hakujitoa mikononi mwangu. Machozi yalimtoka yakapita kwenye kidole changu, nami sikukiondoa. Nilimshikilia hivyo mpaka kila mmoja wa wale tisa alipokuwa ameona. Hakuna aliyenituma. Mkono ulikuwa wangu.

Soda ilichemka peke yake mkononi mwa Koko.

Bibi yule aliiweka chini bila kuonja. Akaligusa pengo la meno yake ya chini kwa ncha ya ulimi.

"Mimi haya mawili nilitolewa kwa kisu," alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko ile meza. Sikufa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, na ndiye tunayemtoa kama mahari. Meno si kitu."

Mama aliona mlango umefunguka. "Ndiyo, mama yangu, ndiyo hasa! Meno si kitu, mtoto ana tabia, ana..."

"Sijamaliza. Meno si kitu. Ungeniambia binti ana pengo, ningesema karibu kwa wenye mapengo. Lakini umeniambia huyu ni mtumishi." Alinielekezea kidole bila kuniangalia. "Umemkana uliyemzaa, mbele ya chakula alichokipika. Na huyu mwingine ulimpa chupa ukijua. Nilikuona ulivyomwinamia. Mwanamke anayewafanyia walio wake hivi, mjukuu wangu akiwa mkwe wake atamfanyia nini?"

Alisimama. Wote wakasimama naye. Mzee Kasaine alisema maneno mawili ya adabu kwa Baba mdogo, kwamba watatuma mtu, na kila mtu mzima mle ndani alijua hakuna mtu atakayetumwa. Kreti mbili walizokuja nazo wakaondoka nazo. Nilizisikia chupa zikigongana nyuma ya gari mpaka kona ya gereji. Lesian alimwangalia Irine mara moja tu, mdomoni, si machoni.

Jumatatu asubuhi Irine alikuja peke yake, shavu limevimba, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, akasubiri zamu. Nilimchoma sindano ya ganzi nikayang'oa yale mawili. Yalitoka kirahisi, karibu bila kuvutwa. Manne yaliyobaki nilimwandikia barua ya Moshi. Alipoweza kusema tena, alisema:

"Ungeniacha ning'ate."

"Yangekatika."

"Yangekatika nikiwa nimeshaposwa. Wangesema ni ajali. Koko angecheka. Ningeolewa, dada. Ningeondoka kwake."

Nilimpa kikombe cha maji asukutue. Safari hii alitema.

Jumapili iliyofuata niliitwa. Baba mdogo Aminiel alikaa kwenye kiti kikubwa alichokalia Koko, akiwa na Biblia mapajani na karatasi yenye makosa yangu, maana aliyaandika. Mama alikaa kando, kanga imefunika mdomo. Tangu posa hakuuza hata kreti moja. Wale wanaume wa gereji sasa wananunua soda barabara ya pili, na wakipita dukani wanaulizana kwa sauti kama kuna mtu ana saruji ya kuziba pancha. Irine alikaa sakafuni, mikono magotini, pengo lake limefungwa.

"Umevunja kiapo cha kazi yako," alisoma Baba mdogo. "Siri ya mgonjwa uliitoa mbele ya wageni."

"Kweli."

"Umemdhalilisha mdogo wako. Ulimshika kama mbuzi wa mnadani."

"Kweli."

"Umemwaibisha mama yako mzazi."

"Baba mdogo, hapo andika vizuri. Mama yangu mzazi ameaibika kwa sababu amejulikana kuwa ni mama yangu mzazi."

"Usinijibu kwa ufundi wa maneno! Umevunja posa ya watu. Sasa sisi hatuhitaji mengi. Utapiga magoti, utamwomba radhi mama yako, utamwomba mdogo wako, halafu mimi na wewe tutakwenda Ngaramtoni ukawaombe wale wazee. Ukifanya hivyo yameisha."

Mama alishusha kanga. Alikuwa amelia kweli. Hilo nalo naliandika. Na kwa mara ya kwanza tangu nije kuishi naye, aliniita mbele ya watu vile alivyopaswa kuniita siku zote.

"Mwanangu," alisema. "Mimi nilitaka tu mmoja wenu acheke bila kuziba mdomo. Basi. Hilo ndilo kosa langu. Niombe radhi, mwanangu, nami nitakuita hivi kila siku. Hata dukani. Hata mbele ya nani."

Nililitamani neno lile kuliko nilivyowahi kutamani chakula. Nilimwangalia Mama na vigae vyake vinne, nikamwangalia Irine na tundu lake jekundu, nikaligusa kwa ulimi jino langu lililomeguka. Kulikuwa na meno ya watu watatu katika nyumba ile, na hakuna aliyekuwa na seti kamili.

"Nilichofanya nilikifanya," nilisema. "Ningekuta chupa ile tena mkononi mwake leo, ningeifungua tena, ningesema tena, na kidole gumba ningekiweka palepale. Magoti sipigi. Ngaramtoni siendi."

"Hata kwa mdogo wako?" aliuliza Baba mdogo.

Irine aliinua uso.

"Hata kwake," nilisema. "Radhi siombi."